Biskuti Nyuma ya Tairi

Jumamosi moja, saa kumi na mbili na robo asubuhi, gari dogo jeupe lenye kibao cha herufi L juu ya paa lilitoka mjini kuelekea milimani. Lilibeba mwalimu mmoja wa udereva, fundi cherehani mmoja, mkaguzi mmoja wa miaka saba, chupa mbili za chai, mkate, mayai ya kuchemsha, na pakiti ya biskuti ambayo kwa makubaliano ya wote isingefunguliwa kabla ya kufika juu. Kwenye mkoba wa fundi kulikuwa na kitu kimoja zaidi ambacho hakikuingia kwenye makubaliano yoyote. Barua.

Barua yenyewe ilikuwa na mistari minne. Fundi aliiandika Alhamisi wakati wa chakula cha mchana, juu ya meza ya kukatia vitambaa, huku wenzake karakanani wakidhani anaandika vipimo vya sare. Ilisema kwamba anaomba kujitoa kwenye mtihani wa udereva wa Jumanne, na kwamba hatasumbua ofisi ya mtu tena. Alipanga kumkabidhi mumewe huko juu baada ya chai, mbele ya maporomoko ya maji, maana habari mbaya ikinywewa pamoja na hewa nzuri hushuka kama dawa iliyotiwa sukari.

Mumewe, ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu, hata mama mkwe wake, alikuwa amefundisha udereva kwa miaka kumi na miwili. Alimfundisha daktari wa meno. Alimfundisha muuza mkaa. Alimfundisha mzee mmoja aliyekuwa akiuomba usukani radhi kila anapokata kona. Wote hao walipata leseni. Katika mji ule kulikuwa na mtu mmoja tu aliyefundishwa na Mwalimu akafeli, tena mara tatu, na mtu huyo ndiye aliyeshona suruali aliyovaa Mwalimu. Majirani walisema kinyozi hajinyoi. Walisema hivyo kwa upole, kama majirani wasemavyo, yaani kila siku.

Mara zote tatu Fundi aliangukia mahali pamoja. Mji wao ulikuwa tambarare kama meza ya kupigia pasi, isipokuwa mwinuko mmoja wa kuingilia ghala la saruji, na hapo ndipo mtahini alipowapeleka watahiniwa: simama katikati, vuta breki ya mkono, kisha ondoka bila kurudi nyuma. Mara ya kwanza gari lilizima. Mara ya pili lilirudi nyuma likavunja kiti cha mlinzi wa ghala. Kwa bahati mlinzi hakuwa amelala juu yake, jambo lililowashangaza watu kuliko ajali yenyewe. Mara ya tatu lilirudi taratibu, kwa adabu, mpaka barabarani, na mtahini akasema bila kuinua macho kwenye karatasi yake: "Mama, hapa ndipo tulipotoka."

Ajabu ni kwamba akifanya mazoezi na mumewe, mwinuko uleule, gari lilelile, hakuwahi kurudi nyuma hata kwa upana wa kidole. Hilo lilimuuma kuliko kufeli. Mtu asiyejua kitu anajijua kuwa hajui. Lakini mtu anayejua kila siku, akasahau siku moja tu, na siku hiyo ikawa ya mtihani, huyo ana kasoro ndani. Hivyo ndivyo Fundi alivyoamini, na ndiyo maana aliandika barua.

"Baba, hukutazama kioo," ilisema sauti kutoka kiti cha nyuma.

"Nimetazama kwa pembe ya jicho."

"Pembe ya jicho haina kisanduku."

Huyo alikuwa Mkaguzi. Jina alilopewa na wazazi lilikuwepo, lakini lilibaki kwenye kadi ya kliniki. Alikulia kwenye kiti cha nyuma cha gari la shule ya udereva, na neno lake la kwanza duniani halikuwa mama wala baba bali "breki". Siku hiyo alikuja na fomu mbili za mtihani alizookota ofisini kwa baba yake, kila moja ina visanduku ishirini vya makosa, na penseli iliyofungwa uzi mweusi shingoni ili isipotee kazini.

Na kazi ilikuwepo. Mwalimu kwenye kiti cha dereva alikuwa kama kocha aliyeingizwa uwanjani. Asubuhi mwanafunzi mmoja humpitia nyumbani akiendesha, jioni mwingine humrudisha, na katikati yeye hukaa upande wa pili, kwenye kanyagio zake za ziada, klachi na breki za mwalimu, akitoa amri. Sasa alikuwa na usukani mkononi na hakuna wa kumwamuru. Alitafuta gia kwa mkono usiofaa. Aliwasha vipangusa kioo badala ya indiketa. Mara mbili alisema "kata kushoto" kwa sauti kubwa, akasubiri, kisha akakumbuka kwamba anayesubiriwa ni yeye.

"Fomu ya kwanza imejaa," Mkaguzi alitangaza kabla hata ya lami kuisha.

"Geuza nyuma."

"Nyuma pia imejaa."

"Mwache baba yako aendeshe," Fundi alisema, akitazama dirishani asicheke. "Mlima bado."

"Mlima?" Mwalimu alicheka. "Mlima ni ule mwinuko wa ghala tu, ila huu umekula ukashiba."

Kauli hiyo iliandikwa mbinguni, kwa sababu nusu saa baadaye ilikuja kudaiwa.

Barabara ilianza kuzunguka. Upande mmoja ukuta wa mwamba wenye majani yanayotiririka maji. Upande wa pili, upande wa Fundi, hapakuwa na kitu. Kulikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa ukingoni, na baada ya mawe, hewa. Mkaguzi alibandika paji la uso kwenye kioo akahesabu paa za nyumba chini, ndogo kama vifungo vya shati. Fundi alifungua dirisha akavuta hewa yenye harufu ya udongo mbichi, na kwa dakika kadhaa alisahau barua. Alipogeuka kumwambia mumewe atazame, aligundua kwamba Mwalimu amenyamaza. Mtu ambaye huongea hata akipiga mswaki alikuwa kimya tangu kona ya tatu.

Kwenye kona ya saba palikuwa na matengenezo. Mama mmoja mwenye fulana ya rangi ya chungwa alisimama katikati ya njia na kibao cha mti: upande mmoja SIMAMA, upande mwingine NENDA. Aliwaonyesha SIMAMA. Mwalimu alisimama, akavuta breki ya mkono mpaka ikalia, na gari likabaki limeelekeza pua mawinguni. Nyuma yao lilikuja lori lililopakia magodoro mapya mpaka juu, likasimama karibu, likikoroma.

Dakika tano zilipita. Mwalimu, kwa kukosa kingine cha kutazama, alitazama bondeni.

"Mama Mkaguzi," alisema polepole.

"Nipo."

"Hivi ile miti kule chini ni mifupi kwa kuzaliwa?"

"Ni mirefu. Iko mbali tu."

"Nilihofia hivyo."

Fundi alidhani ni utani. Kisha akaona mikono yake. Iling'ang'ania usukani mpaka vifundo vikapauka, na jasho lilimtiririka shingoni kama chupa iliyotolewa kwenye friji.

"Baba Mkaguzi, una nini?"

"Magoti," Mwalimu alinong'ona. "Nimeyatafuta hayapo. Toka kona ya tatu, ile yenye msalaba wa mbao. Mimi sijawahi kupanda mahali, mke wangu. Kirefu kuliko vyote nilivyowahi kupanda ni ngazi ya kubadilishia taa."

"Na hukusema?"

"Nitaanzaje kusema? Mimi ni Mwalimu."

Kabla Fundi hajajibu, mtu aligonga kioo. Alikuwa dereva wa lori la magodoro, mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma na tabasamu la kutosha familia mbili.

"Mwalimu! Nimekiona kibao nikasema ni yeye. Hunikumbuki? Yule wa pipa la taka. Niligonga pipa, ukaniambia mapipa hayana haraka, mwenye haraka ni mimi. Leo hii napeleka magodoro shule ya bweni huko juu. Magodoro mapya, Mwalimu. Wanafunzi wakiyaona watadhani wamekufa wakaenda peponi."

"Nakukumbuka," alisema Mwalimu, na kwa jitihada iliyostahili nishani akainua kidevu. "Nimemleta mwanafunzi mazoezi ya mlimani."

Dereva wa lori aliangalia kiti cha dereva. Akamwangalia aliyekikalia.

"Mwanafunzi ndiye wewe?"

"Tulikuwa tunataka kubadilishana," Mwalimu alisema.

"Haya, Mama, usiogope," dereva alimwambia Fundi. "Ukiwa naye huyu, hata mbuzi anapata leseni." Akarudi kwenye lori lake akipiga mluzi.

Kwenye kiti cha nyuma Mkaguzi aliandika kitu.

"Umesema nini?" Fundi aliuliza.

"Limenitoka."

"Mimi? Nimefeli mara tatu kwenye ghala, penye mlinzi na kiti chake, ndiyo niondoke hapa?"

"Nyuma yetu ni magodoro."

"Magodoro yako nyuma ya lori. Mbele ya lori ni chuma."

Fundi alitazama barabara. Kugeuza hapakuwa na nafasi. Mbele, juu ya kilele, wingu lilikuwa limeanza kushuka kama mtu anayevuta shuka, na kule ndiko kulikokuwa na maporomoko ambayo mtoto alikuwa ameyazungumzia tangu shule zifungwe. Kando yake alikaa mwanamume ambaye kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwona akiogopa, na aliyekuwa tayari kukaa kwenye usukani mpaka Jumanne kuliko kumwambia mwanafunzi wake wa zamani ukweli. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Kuhusu anayerudi nyuma walikaa kimya, bila shaka walikuwa na sababu zao.

"Sogea," alisema.

Kibali chake cha mwanafunzi kilikuwa kwenye mkoba, kimekunjwa mara nne, halali mpaka mwisho wa mwezi. Walibadilishana. Mwalimu alizungukia mbele ya gari akiwa ameshika boneti kwa mikono miwili, kama anayemtuliza ng'ombe, akaingia upande wa bonde, akatazama chini mara moja, akafunga macho.

"Nitasikiliza," alisema. "Injini naijua kwa sauti."

Mama wa fulana ya chungwa aligeuza kibao. NENDA.

Fundi aliwasha, akaachia klachi, na gari likaruka mara moja likazima. Alisubiri honi ya lori. Haikuja. Aliangalia miguu yake. Alikuwa amevaa vile viatu vyeusi vya kisigino kifupi, viatu vya heshima, vilevile alivyovivaa mara tatu ghalani kwa sababu mtu haendi mbele ya serikali na ndala. Alivivua, akavirusha nyuma.

"Vishike," alimwambia Mkaguzi.

Karakanani hakuna fundi anayekanyaga cherehani na viatu. Cherehani ya miguu ina tabia yake: ukianza vibaya, gurudumu huzunguka kinyumenyume na uzi hukatika, na atakayetunga upya sindano ni wewe, mbele ya wenzako. Kwa miaka tisa unyayo wa Fundi ulikuwa umejifunza kitu ambacho hakuna aliyewahi kumfundisha kwa maneno, ule muda mdogo kabla ya gurudumu kwenda, mkanda unapokaza na bado hakuna kilichosogea. Sasa, unyayo mtupu kwenye klachi, aliinua kidogo. Kikatokea mtetemo. Ulipita kwenye kisigino, ukapanda mguuni. Aliufahamu mara moja, kama mtu anavyofahamu kikohozi cha jirani. Mkanda umekaza.

Aliongeza mafuta. Pua ya gari ikainuka kidogo. Akaachia breki ya mkono.

Gari likaenda mbele. Halikurudi hata kwa unene wa sindano. Lilipita mbele ya mama wa kibao, ambaye aliinua mkono kwa adabu, likashika kona ya nane, na nyuma yao lori la magodoro likapiga honi ndefu ya kusherehekea ambayo kwa sheria za barabarani haikuwa na sababu.

"Vizuri sana," alisema Mwalimu, macho yamefungwa. "Klachi imeshika kama gundi. Sasa gia ya pili, nasikia inaomba."

"Nimeisikia."

"Fomu zimekwisha," Mkaguzi alilalamika. "Baba amezimaliza zote. Mama nitamwandikia wapi?"

"Angalia karatasi kwenye mkoba," Fundi alisema, na kwa sababu akili yake yote ilikuwa kwenye kona ya tisa, hakujisikia akisema.

Karatasi ilichakurika huko nyuma. Penseli ikafanya kazi. Kisha Mkaguzi akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma mashtaka: "Baba, mbona umepakata miguu?"

Fundi alitupa jicho la haraka. Mwalimu alikuwa amekunja miguu yote miwili juu ya kiti na kukumbatia magoti, kama mtu aliyeona panya jikoni. Kanyagio zake za ziada zilikuwa chini pale, peke yake, hazina mtu.

Fundi aliendesha kona mbili zaidi. Alikuwa anafikiri, na alikuwa fundi, na fundi akikuta nguo inavuta upande mmoja hailaumu nguo. Hutafuta nani aliyeishika. Alipofika mahali pana, penye nafasi ya kuegesha lakini bado mwinuko mkali, alisimama. Lori likawapita, honi tena.

"Shusha miguu," alimwambia mumewe. "Iweke panapokaa siku zote."

"Sasa hivi?"

"Fumba macho ukitaka. Shusha tu. Mkaguzi, inama uangalie miguu ya baba yako."

Mkaguzi alifungua mkanda, akapenyeza kichwa katikati ya viti mpaka chini, penseli ikining'inia. Fundi aliondoka. Gari likaenda mbele laini, laini kupita kiasi, bila ule mtetemo.

"Baba anakanyaga," ilisema sauti kutoka chini.

"Sikanyagi."

"Unakanyaga kidogo. Breki umeigusa, klachi umeigusa, halafu umeachia."

"Mimi nimeweka miguu tu."

"Kidole gumba kimekanyaga. Nimekiona."

Fundi alisimama tena. Mwalimu alifungua macho, kwa mara ya kwanza tangu kona ya saba, akasahau hata bonde. Alikuwa anaitazama miguu yake kama mtu anavyotazama ndugu waliokutwa na mali ya watu.

"Tena," alisema.

Walirudia. Safari hii na yeye alikuwa anaangalia, na aliona mwenyewe: mke wake alipoinua klachi, mguu wake yeye uliinama kwenye klachi ya ziada, mke wake alipoachia breki ya mkono, mguu wake wa pili uliishika breki, taratibu, kwa upendo, mpaka gari likawa salama. Hakuuamuru. Ulikwenda wenyewe. Miaka minne ya mazoezi ghalani, kila Jumapili jioni, gari hilo lilikuwa linaondoshwa na watu wawili. Siku ya mtihani aliketi pale mtahini, ambaye mguu wake haukuwa na mapenzi na mtu yeyote.

"Na wengine?" Fundi aliuliza. "Daktari wa meno? Yule wa pipa?"

"Wale niliwaacha warudi nyuma mpaka wajifunze. Mtu harudi nyuma mara tatu bila kushika adabu." Alikuna kichwa. "Wewe sikuweza. Ulikuwa unakunja uso, na mimi ukikunja uso sijiwezi. Kumbe."

"Kumbe nini?"

"Kumbe aliyefeli mara tatu ni mimi."

"Niandike hivyo?" aliuliza Mkaguzi, ambaye alikuwa amerudi kwenye kiti na mkanda wake.

"Andika," alisema Mwalimu.

Walifika juu saa nne na dakika hamsini, wingu likiwa limefunika kilele tu. Mahali pa kuegesha palikuwa kwenye ubavu wa mlima, penye mabenchi ya mbao na uzio wa bomba la chuma. Ng'ambo ya korongo, maporomoko yalikuwa yanaanguka kutoka kwenye mwamba mweusi, membamba na meupe kama uzi uliovutwa kutoka kwenye kidonge chake, na sauti yake ilikuja ikiwa imechelewa kidogo, kama mtoto anayefuata wazazi. Mkaguzi alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye uzio, akakamata bomba kwa mikono miwili, akakaa kimya dakika nzima. Tukio hilo halikuwahi kutokea kabla.

"Baba, sogea uone."

"Naona hapahapa," alijibu Mwalimu kutoka nyuma ya gari.

"Hapo unaona gari."

Fundi alimnyooshea mkanda wa mkoba wake. Mwalimu akaushika, na wakaenda hivyo, mke mbele, mume nyuma ameshikilia mkanda, hatua kumi na moja kwa hesabu ya Mkaguzi, mpaka zikabaki hatua mbili kufika uzio. Hapo alisimama. Alifungua jicho moja, kisha la pili.

"Ni mazuri," alikiri. "Sikujua maji yanaweza kuanguka hivyo yasiumie."

Walikunywa chai. Walikula mayai. Wakati wa kubambua ganda la mwisho, Mkaguzi alifuta mikono kwenye gauni, akatoa karatasi yake, akaiweka mbele ya baba yake pamoja na penseli.

"Sahihi ya mwalimu," alisema. "Bila sahihi matokeo si halali."

Ndipo Fundi alipoitambua karatasi ile. Kikombe kilimsimama njiani. Mwalimu aliipokea upande usiotakiwa, na macho yake yakaanza kusoma mwandiko anaoufahamu: mistari minne, kujitoa, Jumanne, kusumbua ofisi. Aliisoma mpaka mwisho. Alirudi juu akaisoma tena. Maji ng'ambo yaliendelea kuanguka.

"Uliandika lini?"

"Alhamisi."

"Ulikuwa unipe leo."

"Baada ya chai."

Mwalimu alikitazama kikombe chake, ambacho kilikuwa kitupu. "Basi ndiyo saa yake," alisema. "Unanipa?"

Fundi alipapasa changarawe kwa nyayo. Alikuwa bado pekupeku, viatu vyake vya heshima vikiwa kwenye kiti cha nyuma chini ya ulinzi. Kwenye unyayo wa kushoto alikuwa bado anausikia ule mtetemo, mahali pake hasa, chini kidogo ya kidole kikubwa. Hakuwa na haja ya kuutafuta.

"Karatasi hiyo si yangu tena," alisema. "Ni ya Mkaguzi. Geuza."

Mwalimu akageuza. Kwa nyuma, kwa penseli, herufi nyingine zikitazama kaskazini na nyingine kusini, iliandikwa hivi: MAMA. KURUDI NYUMA HAKUNA. KUZIMA MOJA. HONI KWENYE KONA HAKUPIGA. AMEFAULU. Na chini yake, ndani ya kisanduku kilichochorwa kwa mkono: BABA AMEFELI TATU.

"Kosa la honi ni kweli," Fundi alisema.

"Kabisa. Na mtahini wa Jumanne analipenda sana." Mwalimu akatia sahihi upande wa penseli, kubwa, yenye mkia, ileile anayoweka kwenye vyeti. Kisha akaikunja karatasi na kumrudishia Mkaguzi, ambaye aliiweka kifuani mwa gauni.

Wingu lilifunga maporomoko saa tano na robo. Walikusanya maganda. Kutoka pale kwenda barabarani ilibidi kwanza kupanda mwinuko mfupi na mkali, mkali kuliko wa ghala, na wote watatu walikuwa wameuona tangu walipofika bila yeyote kuutaja.

Mwalimu alifungua mlango wa upande wa abiria, jambo ambalo sasa hakuna aliyelihoji. Kabla ya kuingia aliinama, akavua viatu vyake, vyote viwili, akampa Mkaguzi.

"Viweke pamoja na vya mama yako. Nikiviomba kabla hatujafika nyumbani, usinipe."

"Hata ukinipa amri?"

"Hasa nikikupa amri."

Kisha akakaa, akakunja miguu juu ya kiti, safari hii taratibu kama mtu anayekaa jamvini, macho wazi. Mkaguzi hakuridhika. Alifungua pakiti ya biskuti, akachagua moja nzima isiyo na ufa, akaifunga kwenye kipande cha karatasi ya kung'aa ya pakiti, akashuka na kuiweka chini, umbali wa kidole kimoja nyuma ya tairi la nyuma. Akarudi, akafunga mlango, akafunga mkanda.

"Mtahiniwa anaweza kuondoka," alisema.

Fundi alitazama kioo cha juu. Alitazama kioo cha pembeni. Aliinua unyayo, akasubiri mkanda ukaze, akauacha ukaze vizuri, hakuwa na haraka na mtu. Kisha akaachia breki ya mkono, na gari likapanda mwinuko moja kwa moja mpaka mahali tambarare, ambapo alipiga honi moja fupi kwa ajili ya kona iliyo mbele, akasimama, akavuta breki.

Mkaguzi alishuka kwenda kukagua. Walimwona kwenye kioo akichuchumaa, akiinua kitu chini, akikipuliza vumbi ambalo halikuwepo. Alirudi anatafuna ushahidi.